Klorini Huliwa na Tope: Historia ya Maji Yetu, Kutoka Milima ya Uluguru Hadi Ndoo ya Nyumbani

Wiki hii tunaweka kando mbegu na mbolea, tuzungumzie maji ya kunywa. Najua wapo watakaosema, "Hiyo ni kazi ya watu wa maji, afisa ugani inamhusu nini?" Soma mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe kama jembe lako na dawa ya maji havina undugu.

Nianze na swali. Umetia dawa kwenye ndoo saa moja asubuhi, ukasubiri nusu saa, mkaanza kunywa. Saa kumi na mbili jioni, dawa ile bado imo? Wengi wetu tunaamini kwamba dawa ikishawekwa, imewekwa. Sivyo. Klorini huanza kupungua dakika ile ile inapoingia kwenye maji, na kasi ya kupungua hutegemea kilichomo ndani ya maji hayo. Kwa hiyo klorini ni dawa, na pia ni shahidi. Ukiangalia inavyokwisha, utajua maji yako yalisafishwa vizuri au yalipitishwa tu.

Dawa hii ilitoka wapi

Klorini ilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1774 na mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele. Kwa miaka mingi ilitumika kung'arisha vitambaa na kuondoa harufu mbaya. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wanawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Vifo vya akina mama vikashuka sana. Miaka saba baadaye, mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu London, daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa mtaa mmoja walichota maji kwenye pampu moja. Watu wakaanza kuelewa kwamba ugonjwa unaweza kusafiri ndani ya maji yanayoonekana safi kwa macho.

Mwaka 1905 mji wa Lincoln, Uingereza, ulikumbwa na homa ya matumbo, na mtaalamu Alexander Houston akaanza kutia klorini kwenye maji ya mji mzima bila kukatiza. Katika miaka hiyo hiyo ikaja kesi ambayo mkulima wa mlimani anapaswa kuijua. Mji wa Jersey City, Marekani, uliishitaki kampuni iliyouletea maji kutoka bwawani. Malalamiko yao yalikuwa kwamba mvua kubwa zikinyesha, uchafu wa vijiji vya juu huingia mitoni na kushuka hadi bwawani. Daktari John Leal wa kampuni ile hakuweza kuwahamisha watu wa juu. Alifunga mtambo wa kutia klorini, na tarehe 26 Septemba 1908 maji yenye dawa yakaanza kwenda mjini kila siku. Mahakama ilikubali njia hiyo, na miji mingine ikafuata.

Hebu tazama: tangu mwanzo kabisa, kilichomlazimisha mtu wa mjini kutia dawa ni mvua iliyonyesha kwa mtu wa juu.

Hesabu ya kupungua

Mwaka huo huo wa 1908, mwanasayansi wa Uingereza, Harriette Chick, alichapisha matokeo ya kazi yake kuhusu namna vijidudu vinavyokufa ndani ya dawa. Aligundua kwamba havifi vyote kwa pamoja. Katika kila kipande cha muda kilicho sawa, hufa sehemu ile ile ya vilivyobaki. Wahandisi wa maji baadaye walitumia hesabu ya aina hiyo kwa klorini yenyewe: haipungui kwa kiasi kile kile kila saa, hupungua kwa sehemu ile ile ya iliyobaki.

Maneno haya yasikutishe. Ni hesabu ya kugawa kwa mbili. Chukua mfano wa ndoo mbili. Zote, baada ya nusu saa ya kusubiri, zina klorini miligramu 1 kwa kila lita.

Ndoo ya kwanza ina maji ya chemchemi, meupe. Tuseme klorini yake hupungua nusu kila baada ya saa 12. Baada ya saa 12 itabaki 0.5, na baada ya saa 24 itabaki 0.25.

Ndoo ya pili ina maji ya mto siku ya mvua, yamechujwa kwa kitambaa tu. Tuseme klorini yake hupungua nusu kila baada ya saa 4. Baada ya saa 4 itabaki 0.5, baada ya saa 8 itabaki 0.25, baada ya saa 12 itabaki 0.125. Usiku unapoingia, ndoo hiyo haina tena ulinzi wa kutosha.

Dawa ni ile ile, ndoo ni zile zile, lakini jibu ni tofauti. Shirika la Afya Duniani linataka maji yaliyotiwa dawa yawe na klorini angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, na pale mtumiaji anapoyapokea yasiwe chini ya 0.2. Hiyo inayobaki ndiyo askari wa zamu. Mkono wa mtoto ukiingia ndani ya ndoo, au kikombe kilichoanguka chini kikitumbukizwa, ndiyo inayopambana.

Mwaka 1993 shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira lilitoa bure programu ya kompyuta inayoitwa EPANET, iliyotengenezwa chini ya Lewis Rossman. Inamsaidia mhandisi kukisia klorini itakayobaki katika kila kona ya mtandao wa mabomba. Programu hiyo huhesabu ulaji wa aina mbili. Wa kwanza ni ule unaofanyika ndani ya maji yenyewe: mabaki ya majani, udongo wenye mboji, madini ya chuma, kinyesi. Wa pili hufanyika kwenye ukuta wa bomba, ambako kuna kutu na utelezi wa vijidudu. Ndiyo maana nyumba ya mwisho kwenye laini, ambako maji hufika yamelala bombani muda mrefu, mara nyingi hupata klorini kidogo kuliko nyumba iliyo karibu na tangi. Joto nalo huharakisha ulaji, na jua kali likipiga maji yaliyo wazi humaliza klorini ndani ya saa chache.

Sasa tujiulize: hapa kwetu Morogoro, mlaji mkubwa ni nani? Kwa sehemu kubwa ni udongo unaoshuka kutoka milimani.

Milima, matuta na mwaka 1955

Milima ya Uluguru ina vilele vinavyozidi mita 2,600, na mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi huacha maji mengi huko juu. Mto Ruvu huanzia huko, na tangu mwaka 1959, mtambo wa Ruvu Juu ulipojengwa, Dar es Salaam imekuwa ikinywa maji ya Uluguru. Ngerengere, Mgeta na Mto Morogoro nazo ni watoto wa milima hiyo hiyo.

Serikali ya kikoloni ililiona jambo hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko na kuacha kuchoma mashamba, ili kuzuia mmomonyoko na kulinda mito inayokwenda kwa watu wa chini. Aliyekataa alipigwa faini. Kwa maneno ya karatasi, mpango ulikuwa wa kuhifadhi udongo. Lakini sehemu nyingi za Uluguru zina udongo mzuri mwembamba juu, na chini yake udongo uliochoka. Ukichimba ngazi pana unafukia ule mzuri na kufunua ule mbaya. Watu walitoa jasho, kisha wakavuna kidogo kuliko mwanzo.

Julai 1955 hasira zililipuka Matombo. Wananchi walikusanyika kupinga, polisi wakaingilia, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukaachwa. Watafiti Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima kuhusu mgogoro huo, kilichotoka mwaka 1960.

Mimi ni mtumishi wa serikali na kazi yangu ni ushauri wa kilimo, kwa hiyo historia hii inanihusu moja kwa moja. Mabwana shamba wa wakati ule walikuwa sahihi kuhusu tope. Walikosea kuhusu watu. Walimwambia mkulima achimbe kwa faida ya mtu asiyemjua, bila kumwonyesha kipimo chochote, na bila kumlipa kwa jasho lake. Hata leo ukienda vijiji vya juu na kuanza hotuba ya hifadhi kwa vitisho, utasikilizwa kwa adabu, na kesho yake hakuna kitakachobadilika.

Zaidi ya miaka 50 baadaye njia nyingine ilijaribiwa. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango katika vijiji vya eneo la Kibungo, ambapo watumiaji wa maji wa chini, wakiwamo DAWASCO na Coca-Cola, walichangia malipo kwa wakulima waliokubali kupanda miti na kutengeneza matuta. Malipo hayakuwa ya kumtajirisha mtu, lakini wazo lilikuwa geni: anayekunywa chini amshukuru kwa fedha anayelinda juu.

Mindu, Mambogo na Mafiga

Tushuke mjini. Manispaa ya Morogoro hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Bwawa la Mindu, lililojengwa kwenye Mto Ngerengere na kukamilika miaka ya 1980. Maji ya Mindu husafishwa kwenye mtambo wa Mafiga. Maji ya Mto Morogoro, yanayoshuka moja kwa moja kutoka mlimani, husafishwa Mambogo. Mwaka 2008 Tanzania na Marekani zilisaini mkataba wa shirika la MCC wenye thamani ya dola milioni 698, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kukarabati mitambo hiyo miwili.

Kazi ya mtambo huenda kwa hatua. Kwanza shabu au dawa inayofanana nayo hutiwa ili chembe za tope zishikane. Kisha maji hutulizwa zizame, halafu hupita kwenye mchanga. Klorini huja mwisho, maji yakiwa yamekwishakuwa meupe. Mpangilio huo una sababu. Ukitia klorini kwenye tope, tope linaila kabla haijafika kwa kijidudu, na chembe za udongo huwa ngao ambayo kijidudu hujificha nyuma yake.

Sasa fikiri wakati wa masika, Machi hadi Mei. Shamba la mteremko limelimwa kufuata maji, kingo za mto zimefyekwa mpaka mwisho. Mvua moja ya usiku inatosha kubadilisha rangi ya mto. Kule mtamboni shabu inaongezwa, machujio yanaziba na kuhitaji kuoshwa mara kwa mara, klorini inaongezwa. Gharama inapanda. Mwisho wa siku wanaolipa ni mama lishe wa sokoni, mwanao anayesoma mjini, na wewe mwenyewe ukiwa umelazwa hospitali ya mkoa na unakunywa maji ya bomba.

Wala usidhani jibu ni kumwaga klorini nyingi tu. Mwaka 1974 wanasayansi walionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya mimea ndani ya maji hutengeneza kemikali nyingine zisizofaa kuzidi kiwango. Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba hatari hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na hatari ya kunywa maji yasiyotiwa dawa, kwa hiyo usiache kutia. Lakini dawa ya tope ni kuliondoa kwanza, na pahali rahisi pa kuliondoa ni shambani, kabla halijawa tope la mto.

Bomba safi, ndoo isiyo salama

Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kusambaa karibu nchi nzima, mkoa wetu wa Morogoro ukiwa mmojawapo. Hadi mwisho wa mwaka 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000. Wengi tunakumbuka jinsi biashara ya chakula barabarani ilivyosimamishwa sehemu nyingi. Mfanyabiashara anayeuza juisi, uji au maji ya kunawa anajua hasara yake.

Sudan Kusini inatufundisha kitu hapa. Katika miaka ya 2012 na 2013 kambi za wakimbizi za Maban zilipata mlipuko wa homa ya ini aina ya E. Maji ya kambini yalikuwa yanatiwa klorini kwa kipimo kilichokubalika kimataifa, kati ya 0.2 na 0.5 pale bombani. Mtafiti Syed Imran Ali na wenzake wakafanya jambo rahisi: walipima bombani, kisha wakafuata maji yale yale mpaka ndani ya vibanda na kuyapima tena saa kadhaa baadaye. Klorini iliyotosha bombani ilikuwa imekwisha kabla ya kinywa. Walipopiga hesabu ya kupungua kurudi nyuma, waliona kwamba bombani ilihitajika miligramu 1 kwa lita ili ibaki 0.2 baada ya saa 10. Ushauri wao ulichapishwa mwaka 2015.

Mantiki yao inaweza kutumika hata kwenye tangi la kijiji chako. Usiulize tu "tumetia kiasi gani?" Uliza "kimebaki kiasi gani kwenye ndoo ya mwisho, saa ya mwisho?"

Fanya hivi

*Kama wewe ni mjumbe wa chombo cha maji cha kijiji.* Tangu RUWASA ianzishwe mwaka 2019, skimu za vijijini husimamiwa na vyombo vya watumiaji maji, yaani CBWSO. Ombeni kipimo kidogo cha klorini cha vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya rangi ya waridi. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Pimeni sehemu tatu: kwenye tangi, kituo cha mwisho cha kuchotea, na kwenye ndoo ya nyumba moja iliyokubali, asubuhi na jioni. Andikeni kwenye daftari. Siku klorini ikikwisha haraka kuliko kawaida, maji yenu yana jambo: chujio limechoka, bomba limepasuka, au chanzo kimeingiwa na tope. Daftari hilo ni hoja yenye nguvu mbele ya mhandisi wa wilaya. Dawa ya unga itunzeni pakavu, kivulini, kwenye chombo kilichofungwa, kwa kuwa joto na unyevu huipunguza nguvu.

*Kama unatibu maji nyumbani au kwenye biashara.* Kwanza tuliza maji, mimina yale meupe kwenye chombo kingine, kisha chuja. Halafu tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, subiri dakika 30. Maji yakiwa bado na ukungu, fuata kipimo cha maji machafu, ambacho kwa kawaida ni mara mbili. Tumia chombo chenye mfuniko, kisichopitisha mwanga, na chenye bomba au mdomo mwembamba. Maji yasipokwisha ndani ya saa 24, yatibu upya. Anayetumia unga wa mbegu za mlonge kutuliza maji afahamu kwamba mlonge huacha mabaki ya mmea ndani ya maji, na mabaki hayo nayo yanakula klorini. Maji hayo tuliza vizuri, chuja, tia dawa, na usiyalaze.

*Kama unalima mteremkoni.* Lima kwa kukata mteremko. Panda majani ya kushika udongo kwenye kingo za makinga maji. Ng'ombe na mbuzi wako watayala. Pale udongo wa juu ni mwembamba, usichimbe ngazi pana. Anza na mistari ya majani na mabaki ya mazao, tuta litajijenga lenyewe pole pole. Acha mita 60 kutoka kingo za mto, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Na kumbuka: klorini haiondoi viuatilifu. Anayeosha bomba la kupulizia dawa za nyanya kijitoni amepeleka chini kitu ambacho ndoo ya dawa haiwezi kukitibu.

Wakati wa ukoloni mkulima wa Uluguru aliamriwa kulinda maji ya wengine kwa faini na virungu, na hakuona faida yake. Leo tunaweza kumpa kipimo mkononi. Mpime klorini kijiji kimoja kabla ya mvua na baada ya mvua, wiki mbili tu, na mjadala kuhusu kingo za mto utakuwa wa namba zenu wenyewe, hautakuwa wa afisa na mwananchi. Kikundi chochote kinachotaka kuanza daftari hilo kifike ofisi ya kata siku za kazi. Tutalichora pamoja na kuwaunganisha na watu wa RUWASA wilayani.